Wilaya Nzima Ilikuwa Mgonjwa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni hapa Ngoingwa, ijapokuwa sina tena mahali pa kuwahi. Mlichoniomba ninyi walimu vijana ni kitu kingine: niwaachie maelezo ya namna ya kumwandikia mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo kikuu, hali masomo yake yalikatika katikati. Nadhani mlitarajia kuna kielelezo kabatini ambacho mngenakili na kubadilisha jina. Kabati mmeshalifungua, na mmeona kuna chaki na panya tu. Nitawasimulia jinsi nilivyojifunza kazi hiyo. Vyeo na mishahara nitaviacha, kwa maana aliyevipata anavijua na aliyevikosa hapendi kukumbushwa.

Nilishuka kwenye treni ya Thika mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijana kutoka Bunyore, mwenye sanduku la mbao na suruali moja ya heshima. Mwalimu mkuu wa shule ya misheni iliyoniajiri, Mwalimu Kiarie, alikuja mwenyewe kunipokea. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti la kijivu jua liwake, mvua inyeshe. Akaniambia nitafundisha hesabu na kuandika barua za shule, kwa sababu alikuwa ameupenda mwandiko wangu.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta mwanamume mwenye ndevu amesimama mlangoni mwa darasa la sita. Nikavua kofia, nikamsalimia kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. "Karibu, mzee. Mtoto wako yuko darasa hili?"

"Mtoto wangu hajaanza shule, Mwalimu," akanijibu. "Ni mimi niko darasa hili."

Darasa zima likaangua kicheko, na yeye akaenda kuketi dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu. Tangu siku ile sikumkadiria tena mwanafunzi kwa umri wake.

Kiarie alinifundisha mambo mawili. La kwanza ni kukoroga wino. Siku zile wino ulikuja kama unga, nasi tuliuchanganya na maji wenyewe, na alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Maji yakizidi, alisema, msomaji atadhani mwandishi anaogopa. La pili lilikuwa hili: kabla hujaandika neno lolote juu ya mtu, mketishe, umwache aseme yote aliyojiandaa kusema. Usimkatize wala usimsaidie. Akishamaliza, endelea kunyamaza. Atakayosema baada ya hapo ndiyo ya kuandika. Nimeitumia njia hiyo maisha yangu yote ya kazi, na mara mbili nimeitumia kwa wakaguzi wa elimu.

Halafu serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Vitabu mnavyofundishia vinaeleza habari zake. Mimi nitasema ilivyoonekana kutoka dawatini. Shule ambazo wazazi walikuwa wamejijengea wenyewe zilifungwa na serikali. Watu walihamishwa, wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na akina baba wengi wakapelekwa vizuizini. Watoto walipotea shuleni, na waliorudi kwetu baadaye walikuwa wamepungukiwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Walimu wenzangu Wakikuyu walihitaji kibali hata kwenda kununua unga wa wino. Mimi askari waliangalia kitambulisho changu, wakaona si Mkikuyu, wakaniuliza kama mvua inanyesha kwetu, wakaniachia baiskeli yangu. Kwa hiyo safari zote za shule, kati ya Thika na Ruiru na mashamba ya katikati, zikawa zangu.

Sasa, mwanafunzi aliyepungukiwa na miaka alipoandikiwa barua yoyote, iwe ya kazi au ya masomo, ilibidi miaka ile ielezwe. Ungesema nini? Ukisema shule yake ilifungwa, utaulizwa ilikuwa shule ya akina nani. Ukisema baba yake amekamatwa, umemaliza. Ndipo Kiarie akabuni ugonjwa. "Alikuwa na malaria," aliandika kwa wino mzito usio na woga. Walimu wa shule nyingine wakaiga. Baada ya muda kila kijana kutoka Thika hadi Ruiru alikuwa ameugua, tena miaka ile ile, tena wote wamepona kwa pamoja. Mtu ambaye angetujua kwa barua zetu tu angeleta madaktari kwa treni nzima.

Kwa barua za ukarani mambo yalikwenda. Chuo kikuu lilikuwa jambo jingine. Sisi tulikitazamia kile cha Kampala, na kule waliuliza masomo yako mwaka kwa mwaka. Mwanafunzi wetu wa kwanza kuomba alikuwa kijana wa Ruiru aitwaye Kamau, kichwa cha ajabu kwa hesabu. Kiarie aliona malaria haitoshi kwa miaka miwili, akampandisha cheo, akamwandikia kifua kikuu. Chuo kikajibu kwa upole mkubwa kwamba kinaomba picha ya mapafu. Mapafu ya Kamau yalikuwa mazima kabisa, na mwenye mapafu yale hakuweza kueleza tena miaka miwili ilikwenda wapi. Nafasi akapewa mwingine. Kamau akawa karani katika kiwanda cha makonge, na kila tulipokutana njiani alinikoholea badala ya kunisalimu. Mimi nilicheka, lakini iliniuma sana.

Njeri alikuja kuniona miaka michache baadaye, muongo ule ukielekea kwisha, alipokuwa kidato cha nne. Wasichana katika shule yetu walikuwa wachache, nao walilala nyumbani kwa mke wa katekista. Nilimjua Njeri vizuri kwa sababu ya wino wake, aliokuja nao katika chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi. Chupa ikivunjika, kesho yake alikuwa na nyingine. Nilimjua pia kwa sababu alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha, nami sikuona haya kulisema.

Shule yake ya mwanzo ilifungwa akiwa darasa la saba. Alikaa shambani zaidi ya miaka miwili, mama yake akiwa kibarua wa kahawa upande wa Ruiru, baba yake akiwa kizuizini. Kisha akatokea kwetu na kuomba aingie darasa la nane. Kiarie alimpa mtihani ili amkatalie kwa ushahidi, ikabidi ampokee.

Nikamketisha. "Haya, miaka ile miwili. Niambie."

"Nilikuwa mgonjwa, Mwalimu."

Nikanyamaza. Akaitaja malaria. Akataja homa ya tumbo. Nadhani alikuwa anaelekea kwenye surua alipoishiwa. Nikaendelea kunyamaza. Akawa anaangalia mkono wake juu ya meza yangu, na kidole chake kikaanza kuchora vitu visivyoonekana, mstari, kisha mwingine chini yake.

"Mwalimu, mimi sikuwa mgonjwa," akasema. "Nilikuwa nafundisha."

Alichonieleza sikukiamini chote, na kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, akiwa ameenda kwao, nilipanda baiskeli kwenda kuona. Hili liwekeni akilini: miguu yenu iende kabla ya kalamu. Nilipita Kalimoni, nikapita makonge, nikafika shambani nguo zikiwa nyekundu kwa vumbi. Nyapara aliyenizuia langoni alisikia lafudhi yangu na uso ukabadilika.

"Mulembe! Wewe ni wa kwetu!"

Alikuwa anaitwa Zakayo, kutoka karibu na Kakamega, na baada ya kuulizana habari za mvua na za watu tusiowajua alinipeleka kwenye meza za kukaushia kahawa. Ni meza ndefu za waya zilizotandikwa magunia, na juu yake hutandazwa kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, ikiwa bado na ganda lake jeupe. Kutwa nzima watu hupita kando wakiigeuza kwa mikono ili ikauke sawasawa. Njeri alikuwa kwenye meza ya mwisho pamoja na mama yake, mwanamke mrefu mwembamba, kitambaa amekifunga chini hadi nyusi.

"Mwonyeshe Mwalimu," nilimwomba Njeri.

Akamtazama nyapara, nyapara akatazama miti. Basi akachora kwa kidole kwenye kahawa, na pale kilipopita punje zikaachana, gunia la chini likaonekana, mstari mweusi katika weupe. Akaandika hesabu ya kugawanya, ndefu, hadi jibu. Kisha akapitisha kiganja, akaigeuza kahawa kama inavyotakiwa kugeuzwa, na hapakuwa na kitu tena.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Watoto wa ile shule iliyofungwa walikuwa vibarua wa meza zile. Njeri, aliyekuwa mbele yao kimasomo, aliwafundisha hesabu na kusoma wakiwa kazini, kila mmoja akiandika mbele yake na kufuta. Usiku wa kabla alisoma vitabu alivyorithi kwa mwalimu wao aliyekamatwa, na alivielewa vizuri kwa sababu alijua kesho ataulizwa maswali na watu wenye njaa. Kufundisha shule iliyopigwa marufuku kulikuwa kosa. Mwenye shamba alipokuja kukagua, mama yake Njeri, aliyefanya kazi mwanzo wa meza, alikohoa. Watoto wote wakafuta.

"Alikohoa sana," akasema Zakayo. "Bwana akamhurumia. Akawa anamwandikia dawa kila wiki."

Ndipo nikaelewa zile chupa za wino.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kahawa yangu ilikuwa inageuzwa! Hao watoto wakikosea hesabu, wanafuta, wakifuta, inageuka. Meza hii ilikauka vizuri kupita zote. Nilikuwa naomba wakosee."

Nilicheka hadi nikashika meza. Lakini mama yake Njeri hakucheka. Aliniangalia kwa macho makavu, akajua nimekuja kwa ajili ya nini.

"Mwarimu, andika arikuwa mgonjwa," akasema.

"Mama, ugonjwa hawauamini tena. Watataka daktari."

"Wewe ni mtu mzuri, rakini mzee wako hajafungwa. Wangu bado yuko kwa kambi. Wakisoma ati serikari imefunga shure na msichana wake ameifungua kwa kahawa, watasema hii nyumba bado ina kichwa ngumu. Watamwachiria kweri?"

Alichosema kilikuwa kweli. Upande mmoja palikuwa na nafasi ya msichana huyu, ambayo ingekuja mara moja tu, na upande wa pili palikuwa na baba yake. Mimi nilikuwa na baiskeli.

Njeri ndiye aliyezungumza, bila kuacha kugeuza kahawa.

"Maitu, kama mimi nilikuwa mgonjwa, wewe ulikuwa unakohoa ya nini?"

Mama alitembea kando ya meza yake hadi mwisho, akageuka, akarudi, mikono ikifanya kazi. Miaka miwili na zaidi mwanamke yule alisimama mwanzo wa meza kama mlinzi, na sasa barua ya kwanza iliyoweza kusema hivyo ilikuwa ikienda kusema kwamba binti yake alilala kitandani.

"Andika," akasema mwishowe. "Jina ya baba yake usiweke karibu na hiyo maneno. Na uandike ni mimi nirikuwa nakohoa."

"Na mimi uniweke," akasema Zakayo. "Bwana akiuliza, nitamwambia kahawa ilikauka."

Kiarie aliposikia alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. "Asava," akaniambia, "ukifukuzwa wewe utapanda treni urudi Bunyore. Hawa watarudi wapi? Unaudharau ugonjwa wangu, lakini watu wangapi wamelala nyumbani mwao, si kizuizini, kwa sababu ya malaria yangu?"

"Wengi," nikasema, na nilimaanisha.

"Basi!"

"Lakini Kamau tulimnyima chuo, Mwalimu. Na huyu hawezi kuwa mgonjwa. Nani aliugua akarudi akiwa mbele ya wazima?"

Nikamwachia barua mezani, nikatoka. Ilikuwa ya Kiingereza, bila shaka. Haikusema shule ilikuwa ya nani wala nani aliifunga. Ilisema kwamba mwombaji, baada ya shule yake kufungwa, alifanya kazi katika shamba la kahawa; ikaeleza meza, kidole, gunia na kikohozi; ikasema aliwafundisha watoto wa pale na kwa kuwafundisha akajifunza; na kwamba mwandishi alikwenda akaona kwa macho yake. Haikumwombea huruma hata kwa neno moja. Mtu akishahurumiwa, huwa ni vigumu kumpa nafasi.

Niliporudi nilimkuta Kiarie amesimama dirishani akikoroga wino mpya. Alikuwa ameisoma zaidi ya mara moja, nilijua kwa jinsi ilivyokunjika. Akaketi, akaongeza chini kwa mkono wake kwamba yeye ndiye aliyempa Njeri mtihani wa kuingia, kwamba alikusudia kumshinda, na kwamba alishindwa yeye. Akatia sahihi, akapiga karatasi ya kukaushia.

"Na mimi sasa nimepona," akasema.

Chuo kikamwita mahojiano Nairobi. Nilihangaika kumpatia kibali cha kusafiri, nikampeleka mwenyewe, nikabaki nje kwenye benchi gumu. Kutoka ndani nilisikia kimya, kisha kicheko, kisha kimya kirefu zaidi. Alipotoka vidole vyake vilikuwa vinang'aa.

"Ni nini hiyo?"

"Sukari, Mwalimu. Walisema hawaelewi vile mtu anaandika kwa kahawa. Nikaona sinia ya chai yao. Nikamwaga sukari yote kwa sinia nikawaonyesha."

"Wakasema nini?"

"Walinipatia hesabu ingine. Halafu ingine. Halafu mmoja akakohoa, nikafuta. Wakacheka sana." Akafikiri kidogo. "Lakini chai walikunywa bila sukari."

Jibu lilikuja baada ya majuma mengi ya kutolala vizuri. Alikuwa amepata nafasi. Kiarie alilisoma mbele ya shule nzima akiwa na koti lake la kijivu, na mahali palipoandikwa jina la Njeri akapasoma mara mbili.

Tangu hapo niliandika barua nyingi za namna ile, za watoto waliokatizwa na ukame, na ndoa, na vita, na karo. Mnanidai ufundi, basi huu hapa. Msimwulize mwanafunzi kwa nini hakuwa shuleni, kwa sababu atawapa ugonjwa. Muulizeni alikuwa akifanya nini. Halafu nendeni mkaone. Wengine walikuwa hawafanyi lolote, na hilo pia huandikwa, kwa ufupi. Lakini miaka tupu kabisa nimeikuta mara chache mno kuliko mnavyodhani.

Siku Njeri alipoondoka tulikuwa stesheni ya Thika, kundi dogo. Kamau alikuja kutoka kiwandani na kumbebea sanduku. Baba yake Njeri naye alikuwepo. Walikuwa wamemwachilia baada ya mwaka mpya, pamoja na wengine, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za barua. Alikuwa bado amekonda, na alimshika binti yake bega kana kwamba anapima kimo chake, maana alimwacha mdogo.

Njeri akaketi karibu na dirisha la behewa. Kioo kilijaa vumbi la safari, naye kwa kidole akaanza kumwandikia mama yake kitu pale, akigeuza herufi ili zisomeke kwa nje. Mama akasogea kusoma. Alipofika mwisho wa mstari, akakohoa.

Mkono wa Njeri ukaruka wenyewe, ukafuta kioo chote.

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakaanza kucheka, mama akiwa amejishikilia ukingo wa dirisha, machozi yakimtiririka, na hata mimi nikawa siwezi kusimama wima. Baba pekee ndiye hakuelewa. Mambo hayo yote yalipita yeye akiwa hayupo. Akamgusa mkewe mgongoni kwa wasiwasi.

"Nyina wa Njeri, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana," akasema mama, akijipangusa macho kwa kitambaa. "Hapa hakuna mtu arikuwa mgonjwa."